Utenzi Unapodai Kweli: Hoja ya Kozi Mpya ya Fasihi

Mapendekezo ya kozi mpya ya chuo kikuu huandikwa kwa lugha kavu: jina la kozi, idadi ya saa, malengo, vitabu, namna ya upimaji. Hutoka idarani, yakapita kwenye bodi ya kitivo, yakafika seneti, na kote huko maswali huwa yale yale: walimu wapo? Vyumba vipo? Kozi hii haigongani na nyingine? Lakini chini ya ukavu huo umelala uamuzi wa kifalsafa, kwa sababu anayechagua kitakachosomwa huwa amechagua pia kitakachoulizwa. Afrika Mashariki inao mfano mkubwa wa jambo hili. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe, na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Huko Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianza 1970, mwaka ule ule chuo hicho kilipokuwa chuo kikuu kamili. Swali la wakati ule lilikuwa: fasihi ya nani ikae katikati? Kwa kiasi kikubwa swali hilo limejibiwa. Limebaki la pili, nalo ni gumu zaidi: fasihi yetu ikishakaa katikati, tunaruhusiwa kuiuliza kama inayoyasema ni kweli?

Hoja ya makala haya ni kwamba idara za Kiswahili zinahitaji kozi ya mwaka wa tatu itakayoikabili fasihi ya imani na fasihi ya shaka kama fikra zinazodai kweli, wala si kama ghala la tamathali za usemi au jumba la makumbusho la mila za pwani. Jina lake laweza kuwa "Imani na Shaka katika Fasihi ya Kiswahili". Iwe ya muhula mmoja na yenye kazi chache zinazosomwa polepole: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, Utenzi wa Mwana Kupona, Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, Utenzi wa Mtu ni Utu wa Ahmad Nassir, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kisha Kichwamaji na Mzingile za Euphrase Kezilahabi. Katika orodha hiyo wamo Waislamu, yumo Mkatoliki, na yumo mwandishi aliyeandika kana kwamba Mungu aliondoka bila kuaga. Kinachowaunganisha si dini. Ni swali: binadamu anayejua kwamba atakufa aishi vipi, na ni nani mwenye haki ya kumwelekeza? Dai langu ni kwamba kazi za aina hii hazisomwi kwa haki mpaka msomaji akubali kuulizwa swali hilo yeye mwenyewe, awe anaamini au haamini.

Ili kuona kwa nini dai hilo lina uzito, tutazame jinsi kazi hizi zinavyosomwa sasa. Mwanafunzi wa Kiswahili huingia chuo kikuu akiwa amefunzwa kuigawa kila kazi katika fani na maudhui. Upande wa fani huorodhesha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Upande wa maudhui huorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi. Mpango huu umesaidia vizazi vya wanafunzi kuanza uchambuzi, na hakuna sababu ya kuudharau. Kasoro yake inaonekana kwenye kile kipengele cha mwisho. Falsafa ya mwandishi, yaani jambo ambalo huenda mtunzi alilihangaikia maisha yake yote, hujibiwa kwa sentensi moja inayoanza na "mwandishi anaamini kuwa", kisha mwanafunzi akasonga mbele. Hapo imani imegeuzwa taarifa kuhusu mtu mwingine. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba Sayyid Abdallah aliamini dunia inapita, akapata alama zake zote, bila kujiuliza hata mara moja kama dunia inapita kweli na kama jambo hilo linabadilisha chochote katika namna anavyotumia siku zake. Falsafa imetajwa, ila hakuna aliyefikiri kifalsafa. Ngazi ya juu ya shahada ya kwanza ndipo mahali pa kuuvuka mpango huo, kwa kuwa kufikia hapo mwanafunzi ameshaumiliki na hauhitaji tena kumshika mkono.

Al-Inkishafi yenyewe inaukataa usomaji wa namna hiyo. Utenzi huu wa beti zisizofika themanini, uliotungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, mara nyingi hutajwa kama maombolezo ya kuanguka kwa Pate, mji uliokuwa na utajiri mkubwa katika visiwa vya Lamu. Ni kweli kwamba sehemu yake maarufu inapita katika majumba ya matajiri yaliyobomoka, ambamo taa zilizokuwa ziking'ara zimezimika na makinda ya ndege yamejikalia kwenye zidaka za vyombo vya kauri. Lakini mtunzi hawasemeshi watu wa Pate. Anausemesha moyo wake. Anaukemea kwa nini haushiki shauri lake, anauonyesha ushahidi, anauuliza wako wapi waliokuwa wakubwa jana, na mwishoni anauelekeza kwenye adhabu za moto zinazomngoja asiyezinduka. Muundo huu ni muhimu kuliko picha zote za magofu. Mtu ambaye imani yake haina mushkeli hana haja ya kubishana na moyo wake ubeti baada ya ubeti. Utenzi unatungwa kwa sababu kuna pengo kati ya kujua na kutenda: mtunzi anajua kwamba dunia hudanganya, na bado moyo unaitaka. Basi shaka haikuletwa katika fasihi ya Kiswahili na riwaya za karne ya 20. Ilikuwa imeshaketi ndani ya utenzi wa kidini, ikijibu na ikijibiwa. Msomaji anayeishia kusema kwamba mtunzi "anahimiza watu wamche Mungu" ameitupa nusu ya mjadala.

Wapo watakaouliza kama mtu asiye wa imani ile ana ruhusa ya kuingia katika mjadala huo. Historia ya matini inajibu kwamba aliingia zamani. Toleo la Al-Inkishafi lililotayarishwa na W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Mombasa, lilichapishwa 1915 katika kitabu cha C. H. Stigand cha sarufi ya lahaja za Kiswahili. William Hichens alitoa lake 1939, na James de Vere Allen akatoa jingine Nairobi 1977. Nyuma ya wasomi wa Kizungu walikuwapo wajuzi wa Lamu, hasa Muhammad Kijumwa, mshairi na mwandishi wa khati aliyenakili miswada mingi waliyoitegemea. Kwa hiyo Mkristo na Mwislamu wamekaa juu ya matini hii moja kwa zaidi ya miaka mia moja, na bila ushirikiano huo nakala nyingi zisingetufikia. Lakini tuone walivyokaa. Katika kitabu cha Stigand utenzi uliingizwa kama kielelezo cha lahaja: ulikuwa na thamani kwa sababu ulihifadhi Kiamu cha kale, lahaja ya Lamu. Ulichunguzwa, ukahesabiwa, ukatafsiriwa, ila haukuulizwa. Uhakiki wetu wa kitaifa uliporithi kazi hizo ulibadilisha mwenye nyumba bila kubadilisha desturi ya nyumba. Badala ya ushahidi wa lahaja, utenzi ukawa ushahidi wa ukale wa utamaduni wetu, fahari ya kuonyeshwa wageni. Katika hali zote mbili kinachosemwa na utenzi kimewekwa pembeni kwa heshima.

Athari za heshima ya namna hiyo zinaonekana zaidi katika Utenzi wa Mwana Kupona. Mtunzi, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimwandikia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Anamfundisha adabu, usafi, ulimi mwema na utii, na anapanga daraja tano za wanaostahiki kutiiwa: Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano mume. Darasani kazi hii hupokewa kwa njia mbili. Kundi moja huisifu kama hazina ya malezi mema. Kundi la pili huihukumu kama chombo cha mfumo dume. Makundi haya hubishana sana, lakini yanakubaliana kimyakimya katika jambo moja: hakuna linalogusa msingi ambao Mwana Kupona ameujengea. Kwake yeye, nafasi ya mume haitokani na mila wala nguvu za mwanamume. Inatokana na Siku ya Hukumu, ambapo radhi za mume zitakuwa na uzito katika hatima ya mke. Ukiuondoa msingi huo, nasaha zote zinabaki hewani. Mhakiki anayetaka kuupinga utenzi huu kwa haki hana budi kuikabili hoja hiyo: aseme kwamba hakuna hukumu ya namna hiyo, au kwamba ipo ila haiendi hivyo, kisha atoe sababu. Naye anayeutetea aseme kama anaukubali msingi wenyewe, au ameyapenda maadili tu huku akiukwepa mzizi wake. Kozi ninayoipendekeza inawalazimisha wote wawili kuteremka hadi kwenye mzizi. Hapo ndipo pia mwanafunzi atakapogundua kwamba utenzi una sehemu nyingine, dua ndefu ambamo mama anawaombea watoto wake na kujiombea afya, na kwamba sauti inayotaka utii ni sauti ya mtu anayejiona karibu na mlango wa kutokea.

Upande wa shaka nao unahitaji kuokolewa kutoka kwenye sifa za juujuu. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe 1944 na kufariki 2020, huwekewa kibandiko cha "udhanaishi", na kibandiko hicho kinatosha kumfunga mdomo. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya iliyotoka 1974, ni msomi wa chuo kikuu anayeyapima maisha na kuyaona hayana maana, na mwisho anajiua. Ukisema "huu ni udhanaishi" umeshamtuma Paris, kitovu cha falsafa hiyo. Huna tena haja ya kumjibu. Lakini Kazimoto anauliza kwa Kiswahili swali ambalo Sayyid Abdallah aliuuliza moyo wake: kama yote haya yanaoza, ya nini kuyashikilia? Tofauti ni kwamba mmoja anaamini kuna mahali pa kwenda baada ya kuoza, na mwingine haoni. Ukiwasoma kwa pamoja, kila mmoja anampa mwenziwe kazi. Sayyid Abdallah anamdai Kazimoto aeleze kwa nini utupu wa dunia umpeleke kwenye kukata tamaa badala ya toba. Kazimoto naye anamdai Sayyid aeleze kama hofu ya moto ni sababu njema ya kuwa mwema. Katika Mzingile, iliyotoka 1991, Kezilahabi anakwenda mbali zaidi na kumsawiri mzee aliyejitenga, anayefanana na muumba aliyeuacha uumbaji wake. Hiyo ni teolojia iliyoandikwa kwa njia ya hadithi, na mwandishi wake alijua anachokifanya: tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ajabu ni kwamba tunazo kazi za mtu aliyekataa kutenganisha fasihi na falsafa, na tunazifundisha kwa mpango unaozitenganisha.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa waumini, na linastahili kusikilizwa kwa nguvu zake zote. Litasema hivi: ukilifanya neno la dini kuwa fasihi umeshalishusha, kwa sababu anayesifu uzuri wa onyo hajaonyeka. T. S. Eliot, Mkristo na mshairi, aliandika 1935 kwamba Biblia ilikuwa na athari katika fasihi ya Kiingereza kwa kuwa watu waliichukua kama neno la Mungu, na kwamba kuijadili kama fasihi tu huenda ni dalili ya mwisho wa athari hiyo. Katika ulimwengu wa Kiislamu jambo hili limewahi kuwagharimu watu. Mwaka 1947 tasnifu ya Muhammad Ahmad Khalafallah kuhusu sanaa ya masimulizi katika Qurani ilikataliwa huko Cairo. Mwaka 1995 mahakama ya Misri ilimhukumu Nasr Hamid Abu Zayd kuwa ameritadi kwa sababu ya maandishi yake, ikaamuru atenganishwe na mkewe, naye akahamia Uholanzi. Mtu anayependekeza kozi ya fasihi na imani bila kuyajua haya anacheza. Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Uhakiki wa lugha katika ustaarabu wa Kiislamu ulikuzwa kwa kiasi kikubwa na waumini waliotaka kuelewa Qurani inawezaje kuwashinda watu wote kwa ufasaha. Al-Baqillani na al-Jurjani, wanazuoni wa karne ya 10 na ya 11, walichunguza mpangilio wa maneno kwa sababu walikuwa wanaamini, na uchunguzi wao haukuipunguza imani. Kwa hiyo tatizo si kutumia jicho la fasihi. Tatizo ni lile neno "tu": kusoma kana kwamba uzuri unaweza kubanduliwa kutoka kwenye kweli na kubakia mzima. Hapo Eliot na mimi tuko upande mmoja. Kozi inayoziba masikio isiyasikie madai ya utenzi ndiyo inayoushusha. Inayoyasikiliza, hata ikiyapinga, imeupa heshima ambayo mtunzi mwenyewe aliitaka.

Ni kwa sababu hiyo pia kwamba orodha ya kazi haina Qurani wala Biblia, ingawa zitafunguliwa karibu kila wiki. Uamuzi huo usichukuliwe kuwa woga. Maandiko matakatifu kwa waumini wake si kauli ya mtunzi anayejadiliana na moyo wake, na darasa la fasihi likiyachukua kama kazi moja miongoni mwa kazi nyingine litakuwa limeshaamua jambo kubwa kabla mjadala haujaanza. Utenzi ni kitu tofauti. Ni jibu la binadamu kwa kile alichokipokea, na jibu la binadamu laweza kuulizwa na binadamu mwingine. Mnyampala anatoa ushahidi mzuri. Mwaka 1963 Mkatoliki huyu wa Dodoma alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu, akiyasimulia maisha ya Yesu kwa bahari ya utenzi iliyolelewa na Waislamu wa pwani kwa visa vya Mtume na vita vyake, kama katika Utendi wa Tambuka wa 1728. Mwana wa bara na Mkristo, aliona hakuna chombo cha Kiswahili kinachofaa zaidi kubeba habari nzito ya wokovu. Je, umbo lililozoea kubeba imani moja linaweza kubeba nyingine bila kuiachia rangi yake? Hilo si swali la vina na mizani peke yake. Linahusu kama imani inakaa katika maneno au nyuma yake, na wanafunzi wa dini zote mbili wana la kulisema.

Pingamizi la pili litatoka upande wa pili kabisa. Katiba ya Tanzania inaitaja nchi kuwa isiyokuwa na dini. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Chuo cha umma, litasema pingamizi, kinaweza kufundisha kwamba watu fulani waliamini jambo fulani, lakini kujadili kama jambo lenyewe ni kweli ni kazi ya msikiti na kanisa. Mpaka huu una sababu nzuri. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuchora 1963 ilipozuia usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma, huku ikiruhusu isomwe kwa thamani yake ya kifasihi na kihistoria katika mtaala wa kawaida. Mpaka huo unawafaa watoto wa shule, ambao hawajapata nguvu ya kumpinga mwalimu. Ukiuhamishia mwaka wa tatu wa chuo kikuu, unageuka kuwa fundisho lenyewe. Mwanafunzi anayeruhusiwa kujadili kama mawazo ya Marx ni sahihi, kama sera ya Ujamaa ilikuwa ya haki na kama nadharia ya Freud ina ushahidi, lakini akifika kwa Sayyid Abdallah anaambiwa ataje tu alichoamini, amefundishwa bila kuambiwa kwamba madai ya huyu wa mwisho hayafikii kiwango cha kujadiliwa. Kunyamaza huko si usawa. Serikali kutokuwa na dini maana yake ni kwamba haitaamua jibu. Haina maana kwamba raia wake wazima wakatazwe kuuliza swali mahali pekee ambapo wamefunzwa kuuliza kwa utaratibu.

Litakuja na pingamizi la tatu, la wanazuoni wa fasihi wenyewe, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Fasihi, watasema, haiko chini ya mizani ya kweli na uongo. Hakuna anayeuliza kama Karama wa Kusadikika ya Shaaban Robert alishitakiwa kweli. Kwa nini basi tuulize kama moto wa Al-Inkishafi upo kweli? Jibu ni kwamba si kila sentensi ya kazi ya sanaa inadai kitu kimoja. Utendi wa Tambuka unasimulia vita na Herekali, mfalme wa Rumi, kwa matukio ambayo mwanahistoria hatayakubali, na hakuna hasara, kwa kuwa msikilizaji alialikwa kwenye simulizi. Lakini Karama hakuundwa ili tujue habari zake. Hoja zake mbele ya baraza zimeandikwa ili zimpime msomaji wa 1951 aliyekuwa chini ya ukoloni, na anayesema "ni hadithi tu" amejificha. Vivyo hivyo Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, na aliyeyatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, hakuwa anabuni tu msemaji mwenye dhamiri. Alikuwa akidai kwamba kweli inastahili kusemwa hata kwa gharama ile, na dai hilo ama lina haki ama halina. Ahmad Nassir naye, katika utenzi alioutunga 1960, anadai kwamba utu wa mtu hupatikana katika matendo yake kwa wenzake. Huo ni msimamo wa kimaadili unaoweza kutetewa na kupingwa. Kazi za sanaa hutofautiana na risala kwa jinsi zinavyodai, kwa sababu hutumia sauti, picha na mfuatano badala ya ithibati. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha jinsi umbo linavyolijenga dai, na kwa maana hiyo fani inarudi ikiwa na kazi kubwa kuliko ile ya kuorodheshwa.

Yamebaki maswali ya utekelezaji, ambayo hayakosi falsafa yake. Utapimaje kozi ya namna hii bila kumtunuku anayekubaliana na mhadhiri? Upimaji uelekezwe kwenye hoja, na njia moja ya kuhakikisha hilo ni kumtaka kila mwanafunzi aandike insha mbili juu ya kazi moja: ya kwanza akiitetea ile asiyokubaliana nayo kwa nguvu kiasi kwamba mwenye imani ile aikubali, ya pili akiijibu. Mwenye imani thabiti atamtetea Kazimoto. Mwenye shaka atamtetea Mwana Kupona. Mhadhiri asifiche msimamo wake kwa kujifanya hana, kwani wanafunzi hawadanganyiki, ila naye afungwe na sharti lile lile. Semina iwe ya wanafunzi wachache. Wajifunze walau kuisoma khati ya Kiarabu iliyotumika kuandikia Kiswahili na kuzifahamu sifa za Kiamu, maana matoleo ya Al-Inkishafi yanatofautiana, na anayetegemea toleo moja anabishana na mhariri akidhani anabishana na mtunzi. Kuhusu hofu kwamba vijana watatikisika katika imani zao, hofu hiyo inakuja imechelewa. Riwaya ya Kezilahabi ya 1971, Rosa Mistika, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa kuhofiwa ingewaharibu wanafunzi, na marufuku yale hayakumzuia mtu kufikiri; yalimzuia tu kufikiri akiwa na mwalimu karibu. Vijana wa leo wanakutana na wahubiri, wapinga dini na wafanya biashara ya miujiza kwenye simu zao kila siku. Hawakosi mabishano. Wanachokosa ni mabishano yenye masharti, ambamo mtu analazimika kusoma kabla ya kujibu.

Kozi hii basi ihukumiwe kwa kipimo chake yenyewe. Isihesabiwe kuwa imefaulu kwa sababu wanafunzi wametoka wakiwa wacha Mungu zaidi, wala kwa sababu wametoka wakiwa huru zaidi na dini. Imefaulu iwapo mwanafunzi Mwislamu anaweza kueleza kwa nini Kezilahabi aliona mbingu ziko kimya, mwanafunzi Mkristo akaeleza kwa nini moyo wa Sayyid Abdallah ulihitaji kukemewa, na asiyeamini akaeleza Mwana Kupona alimpa bintiye nini ambacho yeye hana cha kuweka mahali pake, kila mmoja kwa maneno ambayo mwenye kazi asingeyakana. Baada ya hapo wakitofautiana, watakuwa wanatofautiana kuhusu jambo, siyo kuhusu vivuli vyake. Idara ya fasihi isiyoweza kutoa nafasi hiyo inaweza kuendelea kuhifadhi tenzi, kuzihariri na kuzitungia mitihani, na zote hizo ni kazi njema. Lakini haitakuwa na jibu kwa seneti itakayouliza siku moja kwa nini kazi zilizotungwa ili kuwabadilisha wasikilizaji wake zifundishwe kwa namna inayohakikisha hazimbadilishi mtu yeyote.